Kimondo kisichoanguka ni kimondo gani?

Usiku mmoja wa Februari 2025, wakati wa delestaji, simu ya jirani yetu ilizunguka uani kutoka mkono hadi mkono. Ilikuwa na ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mwanaume asiyejitaja jina alisema kwamba wataalamu wa Amerika wameona kimondo kikubwa, kwamba kinakuja kuanguka, na kwamba Afrika imo katika njia yake. Mwishoni aliomba kila mtu aupeleke ujumbe kwa watu kumi. Nkambo wangu aliusikiliza mara mbili, kisha akanigeukia, kwa kuwa katika nyumba yetu mimi ndiye ninayesoma chuo kikuu.

"We unasomaka luga. Ni kweli ao ni bongo?"

Nilikuwa nimekwisha kusoma habari yenyewe kwa Kifaransa, basi nikajibu kwa haraka na kwa kiburi kidogo: "Nkambo, kimondo ni kweli, lakini hakitaanguka."

Alinitazama. "Kimondo yenye haitaanguka, ni kimondo gani?"

Sikuwa na jibu. Watu wa uani walilala na hofu, na maneno yangu yaliiongeza badala ya kuipunguza. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Ninasema hivi: kazi ya kuyafuatilia mawe ya angani, ambayo leo inafanywa na maelfu ya watu wa kawaida kupitia intaneti, ina nafasi iliyobaki wazi. Sisi wa kitivo cha lugha ndio tunaoweza kuijaza, na tuna tarehe ya mwisho: Ijumaa, 13 Aprili 2029. Nitaieleza tarehe hiyo mbele.

Kwanza nieleze kilichokuwa nyuma ya ujumbe ule. Jiwe lililotajwa linaitwa 2024 YR4. Liligunduliwa tarehe 27 Desemba 2024 na darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile, na ukubwa wake ulikadiriwa kuwa kati ya mita 40 na 90. Mahesabu ya mwanzo yalionyesha kwamba huenda likagonga Dunia tarehe 22 Desemba 2032. Ukanda wa mahali ambapo lingeweza kuanguka ulianzia Bahari ya Pasifiki, ukapita kaskazini ya Amerika Kusini, Atlantiki na Afrika, hadi Asia ya Kusini. Kwa hiyo mtu wa ujumbe hakuwa ametunga kila kitu. Tarehe 18 Februari uwezekano ulifika asilimia 3.1. Kabla ya mwezi kwisha ulikuwa umeshuka karibu na sifuri.

Wengi waliona kupanda na kushuka huko kama dalili kwamba tunadanganywa. Lakini fikiria mpira uliopigwa kutoka katikati ya uwanja. Mwanzoni hujui utaenda wapi. Unaweza kupita popote kati ya kibendera cha kona hii na cha kona ile, na goli ni sehemu ndogo ya upana huo. Mpira ukisogea, upana unapungua. Kama goli bado limo ndani yake, sehemu ya goli inazidi kuwa kubwa, ingawa mpira haujabadili njia. Kisha unautazama tena, na sasa unaona wazi kwamba unapita nje ya mlingoti. Jiwe lile lilikuwa katika njia ileile muda wote. Vipimo ndivyo vilivyoongezeka.

Vipimo hivyo vinakusanywa na ofisi moja, Minor Planet Center, iliyoanzishwa mwaka 1947 na ambayo leo iko Cambridge, Massachusetts, chini ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Ofisi hiyo hupokea kazi ya wataalamu na ya wasio wataalamu kwa masharti yaleyale. Kila kituo cha kutazamia, kiwe cha serikali au darubini iliyo uani mwa mwalimu wa shule, hupewa alama yenye herufi au tarakimu 3 baada ya kuonyesha kwamba vipimo vyake ni sahihi. Kwa miaka mingi kila kipimo kiliandikwa katika mstari mmoja wenye nafasi 80: jina la kitu, tarehe na saa, mahali pake angani, mng'ao wake, na mwishoni zile alama 3 za kituo. Sisi tunaosoma sarufi tungeupenda mstari ule. Kila neno lina nafasi yake, na anayeteleza nafasi moja amesema jambo jingine.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni ule wa Gennadiy Borisov, fundi wa huko Crimea. Tarehe 30 Agosti 2019, kwa darubini ya kipenyo cha sentimita 65 aliyoitengeneza mwenyewe, aliona kitu chenye ukungu ambacho hakikuwa katika orodha. Akatuma vipimo. Jina lake peke yake halikutosha kumfanya aaminiwe wala akataliwe. Kitu kile kiliwekwa wazi kwenye intaneti ili wengine wakitafute, na watazamaji wa nchi mbalimbali, wakiwemo wengi wasiolipwa na mtu yeyote, wakatuma vyao. Kabla ya wiki mbili kwisha ilijulikana kwamba kitu hicho hakikuzaliwa karibu na Jua letu. Leo kinaitwa 2I/Borisov, na ni kometi ya kwanza kuonekana ikija kutoka nje ya mfumo wa Jua.

Utaniuliza: darubini ya sentimita 65 tutaitoa wapi? Hatuihitaji. Chombo cha SOHO, kilichorushwa Desemba 1995 na mashirika ya anga ya Ulaya na Marekani ili kulitazama Jua, hutoa picha zake bure kwenye intaneti. Watu waliokaa nyumbani wakaanza kuona ndani yake kometi ndogo zinazopita karibu mno na Jua. Ile ya 3,000 ilionekana mwaka 2015 na mtu wa Thailand. Ya 5,000 ilionekana Machi 2024. Sehemu kubwa ya kometi hizo ziligunduliwa na watu wa kujitolea. Tangu mwaka 2019, katika mradi mwingine, watu zaidi ya 11,000 walipitia picha za zamani za darubini ya Hubble na kupata ndani yake alama 1,701 zilizoachwa na asteroidi. Zaidi ya 1,000 kati yake hazikulingana na kitu chochote kilichojulikana. Na tangu mwaka 2006 kuna mpango, wenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Hardin-Simmons huko Texas, unaowapa wanafunzi wa shule na vyuo vya nchi nyingi picha mpya za anga ili watafute asteroidi ndani yake. Hawalipi kitu.

Mimi na wenzangu wawili tulijaribu picha za SOHO wakati wa likizo. Tulishirikiana mega za simu, tukapakua usiku, tukatazama mchana. Siku moja niliona kinukta kikisogea kwa utaratibu kutoka kushoto kwenda kulia, picha baada ya picha. Nilikwisha kuandika saa zote kwenye daftari na kuanza kufikiria nitamwambia nani kwanza. Kabla ya kutuma nikasoma tena maelekezo, kamusi mkononi, nikaelewa kwamba nyota za kawaida nazo husogea hivyo katika picha hizo, kwa sababu chombo kinalizunguka Jua pamoja na Dunia. Baada ya siku tatu za kazi nilikuwa nimegundua nyota.

Hilo halikuniumiza. Wote wanaoanza hukosea hivyo. Lililoniuma ni jingine. Kati yetu watatu, mwenye macho makali kuliko wote aliacha siku ya nne. Ndiye aliyekuwa akiviona vinukta kabla yetu, hata katika simu iliyopasuka kioo. Picha hazikumshinda. Alichoka kutuuliza maana ya kila sentensi, kwa sababu maelekezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na sisi wenyewe tulikuwa tukiyapitisha katika Kifaransa kabla ya kumfikishia kwa Kiswahili. Kila tulipofika mwisho wa njia hiyo, tulimpa maneno yaliyochakaa. Neno "kimondo" tulilitumia kwa vitu vitatu tofauti kabla ya chakula cha mchana.

Hapa ndipo lilipo tatizo letu, na ni tatizo la lugha. Kwa wengi wetu kimondo ni ule mwanga unaokatiza angani usiku na kuzimika. Ni pia jiwe lililokwisha kufika chini: Watanzania wana Kimondo cha Mbozi, ambacho mtu anaweza kwenda kukigusa kwa mkono. Katika maana zote mbili kimondo ni kitu kinachoanguka. Kisha magazeti na redio zikaanza kuliita kimondo pia lile jiwe linalolizunguka Jua lake kwa utulivu kwa mamilioni ya miaka bila kumgusa mtu. Nkambo wangu hakukosea. Alikuwa anaijua lugha yake kuliko mimi. Nilipomwambia "kimondo hakitaanguka", masikioni mwake nilikuwa nimesema "mvua hainyeshi maji".

Nyota yenye mkia si nyota. Mnajimu kwa watu wengi ni mtu anayepiga bao na kukuambia siku ya kufunga safari. Ukimwambia baba yako kwamba unataka kufanya kazi na wanajimu, ataita wachungaji. Lakini neno lililonishtua kuliko yote halihusu anga hata kidogo. Habari niliyoisoma kwa Kifaransa iliandikwa katika hali ya masharti: jiwe lingeweza kugonga. Ujumbe uliofika uani kwetu ulisema kinakuja kuanguka. Mahali fulani kati ya lugha mbili, "huenda" ilipotea njiani. Kiswahili hakikosi vifaa: tuna huenda, tuna -nge-, tuna yamkini, tuna kuweza. Aliyetafsiri hakuvitumia, na hofu ya mtaa mzima ilipita katika tundu hilo dogo la sarufi.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa. Nilipolitaja wazo hili kama somo la TFC, mwenzangu mmoja aliniambia kwamba nchi ina vita mashariki, mishahara haitoshi, na mimi nahesabu mawe. Nakubali uzito wa neno lake. Sidai kwamba asteroidi ni muhimu kuliko mkate. Lakini mkate hautaongezeka kwa sisi kutojua, na uvumi una gharama yake pia. Usiku ule jirani yetu mmoja aliuliza kwa uzito kama bado inafaa kulipa minervali ya watoto.

Jibu la pili linatoka kwa wenye elimu: maneno yapo kwa Kifaransa, anayetaka ayasome huko. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Kifaransa kitanisaidia mimi kupata alama nzuri. Hakitaingia uani. Kama kitivo cha lugha kinaridhika kwamba maarifa yabaki katika lugha ya auditwari, basi kimekubali kwamba lugha ya uani iachiwe mwenye ujumbe wa sauti.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, na nimelisikia kwa mwalimu ninayemheshimu: lugha ni ya wasemaji wake. Kama watu wanasema kimondo, wewe ni nani hata uwapangie? Ni kweli. Orodha ya maneno iliyotungwa na wanafunzi watano katika chumba kimoja itakufa katika chumba hicho. Ndiyo maana ninapendekeza tuige namna wanavyofanya kazi wale watazamaji wa anga. Kipimo cha mtu mmoja hakitoshi. Kila kipimo kina tarehe, mahali na alama ya aliyekichukua. Kinachokusanywa kinawekwa wazi ili wengine wakikague.

Sisi tuna jambo ambalo vituo vingi vya utafiti hawana. Likizo ikifika tunatawanyika: mmoja anaelekea Kolwezi, mwingine Kalemie, mwingine Kasenga, mwingine Likasi, mwingine anabaki hapa Lubumbashi. Kila mmoja aulize wazee 3 na vijana 3 maswali yaleyale. Ule mwanga unaokatiza usiku unauitaje? Jiwe lililotoka juu likafika chini, je? Na lile linalopita mbali bila kuanguka, ungeliitaje? Andika jibu kama lilivyosemwa, kwa lafudhi ya mahali, na lugha ya nyumbani ikitoa neno bora zaidi, liandike nalo. Mimi kwa sasa naona kimondo kibaki kwa kinachowaka na kinachofika chini, na kile kinachozunguka tukiite asteroidi, au "mwamba wa anga" tunapozungumza na asiyelijua neno hilo. Lakini hicho ni kipimo changu kimoja.

Wapo waliotutangulia. Huko Hawai'i, mwalimu wa lugha ya Kihawai'i Larry Kimura alishiriki kukipa jina 'Oumuamua, kitu cha kwanza kutoka nje ya mfumo wa Jua, mwaka 2017. Baadaye wanafunzi wanaosoma kwa lugha hiyo walialikwa kukaa na wazee wa lugha na wanaastronomia, na kutokana na kazi yao asteroidi moja inaitwa Kamo'oalewa. Ni jina lililotoka katika utamaduni wao, lenye maana ya kitu kinachoyumbayumba angani, kwa kuwa kikitazamwa kutoka hapa kinaonekana kuyumba huku kikiandamana na Dunia. Chombo cha China kilirushwa Mei 2025 kwenda huko. Lugha iliyokaribia kutoweka katika karne iliyopita leo inatajwa na wahandisi wa Beijing. Hata karibu nasi, asteroidi Dinkinesh, iliyotembelewa na chombo cha Lucy mwezi Novemba 2023, ina jina la Kiamhari, na mwezi wake mdogo unaitwa Selam, yaani amani.

Sisi wa eneo la Kiswahili nasi tumo angani, lakini kwa namna nyingine. Zipo asteroidi ziitwazo Kenya, Uganda, Mombasa na Pemba. Ziligunduliwa katika miaka ya 1930 kutoka Johannesburg na Cyril Jackson. Sina ugomvi naye. Ila mahali petu pamepewa miamba kabla sisi hatujawa na neno la kuuita mwamba wenyewe.

Sasa tarehe niliyoitaja. Asteroidi Apophis, yenye upana wa mita zipatazo 340, itapita kilomita zipatazo 32,000 juu ya uso wa Dunia tarehe 13 Aprili 2029. Hapo ni chini ya njia ya setilaiti nyingi za televisheni. Haitagonga. Ilipogunduliwa mwaka 2004, uwezekano ulipanda kwa siku chache hadi asilimia 2.7, ukafutwa mara picha za miezi ya nyuma zilipopatikana. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 vimeondoa hatari kwa miaka 100 hivi. Watu wa Afrika, Ulaya na Asia ya magharibi wataweza kuiona kwa macho matupu, kama nyota inayotembea polepole. Itakuwa karibu zaidi kama saa sita kasoro ya usiku kwa saa za Lubumbashi. Ni mwisho wa mvua. Mawingu yakituhurumia, tutaiona tukiwa uani.

Nafikiria usiku ule. Ni Ijumaa, tarehe 13, na jina la jiwe ni la nyoka wa Misri ya kale anayetaka kulimeza Jua. Ujumbe wa sauti utakuwepo, msiwe na shaka. Pengine umekwisha kurekodiwa. Swali ni kama siku hiyo redio za hapa zitakuwa na karatasi mbili za Kiswahili kinachoeleweka, zilizoandikwa na watu waliouliza wazee wao, zenye "huenda" mahali pa "huenda" na "itapita" mahali pa "itapita". Na kama rafiki yetu mwenye macho makali atakuwa na maelekezo anayoweza kuyasoma mwenyewe, ili jina la Mkongomani liwe miongoni mwa waliotuma vipimo.

Ninaomba mambo matatu. Walimu wetu wakubali masomo ya TFC juu ya istilahi za anga, wakishirikiana na wenzao wa fizikia. Wanafunzi wa tafsiri wachukue maelekezo ya mradi mmoja tu wa kutafuta kometi au asteroidi na kuyaleta katika Kiswahili, kisha wayajaribu kwa mtu asiyejua Kifaransa wala Kiingereza. Akikwama, tafsiri irudi mezani. Na kila mmoja wetu arudi kutoka likizoni na majibu ya watu 6.

Mimi nimeanza. Juma lililopita nilimuuliza nkambo swali la tatu: jiwe linalopita mbali bila kuanguka, ungeliitaje? Alifikiri muda mrefu, akasema hajui, kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba yapo. Kisha akaniagiza nimwamshe siku hiyo, hata akiwa amelala. Nimeandika jibu lake kwenye daftari, pamoja na tarehe na mahali. Daftari lina nafasi kwa majibu yenu; mtanikuta maktabani kila Jumatano baada ya semina.